Kinasa Sauti cha Mwanafunzi wa Uzamili, Ghalani Nyakato

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Muganyizi Bagenda
Umri: miaka 47
Kabila: Mhaya
Dini: Mkristo
Elimu: kidato cha pili, hakumaliza
Kazi: kibarua wa kupakia mizigo
Makazi: Nyakato, Mwanza (amepanga)

Leo ni Jumatano tarehe 13 Agosti 2025, saa tatu na nusu asubuhi. Ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke kwetu Kamachumu, wilaya ya Muleba, kuja kutafuta kazi. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa.

Nafanya kibarua kwenye ghala la mashudu ya pamba. Tunajaza magunia na kupakia kwenye malori. Kila asubuhi tunasimama getini, na nyapara wetu, Masele, anachagua wa kuingia. Asiyechaguliwa anarudi nyumbani.

Mnamo Jumatatu tarehe 11 Agosti, mchana, tukiwa tunakula, alikuja binti anayeitwa Adventina akiwa na mtendaji wa mtaa. Mtendaji alisema binti ana kibali, tumsikilize, kisha akaondoka. Shaka ilianzia hapo, kwa sababu mtendaji haji kwetu ila kukiwa na mchango au mtu anayetafutwa.

Binti alituamkia, akasema anasoma shahada ya uzamili ya masomo ya haki. Kibarua mwenzetu Mhoja akamuuliza haki inasomwaje. Akaeleza kwamba ili kupokelewa ilibidi awe na digrii ya kwanza yenye ufaulu mzuri, na walimu wawili waliomfundisha wamwandikie chuo kwamba anafaa. Amekaa darasani mwaka mzima na kufaulu mitihani. Umebaki utafiti. Anatakiwa awasikilize vibarua, ajue wakionewa wanapata wapi haki yao, kisha aandike, halafu asimame mbele ya maprofesa wamhoji. Bila hayo hapewi shahada.

Mhoja akanigeukia. "Mzee Bagenda, huyu ni wa kwenu. Mhaya akikanyagwa mguu hasemi ondoka, anakwenda kwanza kuchukua digrii." Watu walicheka, na binti naye alicheka.

Kisha akasema hataandika majina yetu, kila mtu atampa namba. Papo hapo akatoa karatasi, akataka kila mmoja aweke sahihi au dole gumba kuonyesha amekubali kuhojiwa. Kicheko kiliisha. Luhende, ambaye sisi vibarua tunamwita mwenyekiti, alimuuliza, "Binti, jina langu hulitaki, ila dole gumba langu unalitaka. Hilo dole linakwenda wapi?"

Alijibu kwamba ni sharti la chuo na karatasi zitafungiwa kabatini. Hakuna aliyemwamini. Mimi pia sikumwamini. Kwetu nimeona mama mjane akiwekeshwa dole gumba, na msimu uliofuata shamba la migomba likawa la mwingine.

Hata hivyo nilizungumza. Alikuwa amenisalimia Kihaya, na nilikuwa nimechoka. Kinasa sauti chake, kidogo, cheusi, alikiweka juu ya gunia lililokuwa mbele yangu. Nilisema kwamba Jumapili tunakwenda Buswelu kumjengea Masele nyumba yake bila malipo, na asiyekwenda hachaguliwi Jumatatu. Sikujua kwamba Masele amesimama nyuma ya lori.

Luhende aliinuka akasema, "Zima hicho. Futa alichosema huyu mzee, tutafukuzwa wote." Alinyoosha mkono, kiganja juu. Hakumgusa. Binti alirudi nyuma, akateleza kwenye mashudu yaliyomwagika, akaangukia kiwiko. Watu walimkimbilia. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, sikuweza kusimama upesi, ndiyo maana niliona. Masele alitoka nyuma ya lori, akachukua kinasa sauti pale juu ya gunia, akakitia ndani ya koti. Alikwenda kwenye pikipiki yake, akainua kiti, akakiweka chini yake. Kisha akarudi akisema kwa sauti, "Luhende, mrudishie mtoto wa watu kitu chake."

Luhende alipekuliwa, hakukutwa na kitu. Masele akasema lazima amempa mwenzake, akapiga simu polisi, nao wakaja wakamchukua Luhende mahabusu. Binti alisema aliona mkono wa Luhende tu. Simlaumu, kwa sababu alikuwa chini. Aliniambia, "Baba, sauti zote nilizokusanya tangu Magu zimo humo. Mwezi ujao muda wangu unaisha. Nikirudi mikono mitupu, sina shahada."

Jana Jumanne Masele alinichagua wa kwanza. Tangu nifike Mwanza hajawahi. Alinipa kazi ya kushona magunia, ambayo hufanywa umekaa. Alisema, "Mzee, mgongo wako umechoka. Kaa kivulini." Nilishona mpaka jioni. Nilijua aliniona nikimwona.

Mchana huo nilimsikia Masele akiongea kwa simu. Masele alimwita aliyekuwa upande wa pili shemeji, akamuuliza kama Luhende amelainika huko ndani. Sijui shemeji huyo ni nani. Nilipofika hapa leo, askari wa kaunta aliniuliza nimetumwa na nani. Naomba yote mawili yaandikwe.

Jana hiyo jioni Modesta, mke wa Luhende, alikuja getini kutuuliza nani aliona. Kila mtu alisema alikuwa anamwangalia binti. Mimi niliinama nikafunga kamba za viatu. Alituangalia mmoja mmoja, akaondoka bila kutuaga.

Luhende hakumpiga binti na hakuchukua kitu chake. Kama kinasa sauti bado kipo pale kilipowekwa, sijui. Pikipiki ni nyekundu, na leo asubuhi ilikuwa getini. Mkienda, nendeni bila kupiga simu kwanza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimeomba nisomewe mara mbili kabla ya kusaini. Ghalani sitachaguliwa tena, na maghala mengine manyapara wanajuana. Kesho Alhamisi nitapanda basi la Bukoba kutoka Nyegezi. Mahakama ikiniita nitakuja. Mke wangu Kokuberwa anatarajia nirudi Desemba. Nikitoka hapa nitampigia nimwambie ni kesho jioni.

Sahihi ya shahidi: M. Bagenda

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ng'washi. Nimemsomea shahidi mara mbili kama alivyoomba, amekiri ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Yamekamilika saa 5:10 asubuhi.