Mume Wangu Aliimba Besi Peke Yake Mbele ya Kamera

Mpendwa Shangazi Hyasinta,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao, na naomba usinicheke, maana waliocheka wameshatosha. Mimi ni mke wa miezi minne, naishi Mwisenge hapa Musoma, na nikikuambia kwamba hadi leo nikisikia baiskeli ya mume wangu inakata kona nakimbilia kioo kuweka kilemba sawa, utaelewa hali yangu. Nitamwita Masatu, ingawa siyo jina lake. Anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, na kila jioni anarudi amesugua mikono kwa limao mpaka kwenye viwiko, kwa sababu siku moja tu, tukiwa wachumba, nilisema harufu ya samaki inaniumiza kichwa.

Tulikutana kwenye kwaya. Nilitoka kwetu Kabasa, Bunda, nimemaliza kidato cha nne, nikaja kukaa kwa dada yangu, nikapangwa sauti ya kwanza, na siku ya mazoezi yangu ya kwanza ikatoka nyuma yangu sauti ya nne, yaani besi, ambayo niliisikia miguuni kabla ya masikioni, kama mashine ya kusaga inapowashwa nyumba ya jirani, nikapotea mstari mzima, na mwalimu wetu, Mzee Mwikwabe, akasema, “Binti wa Bunda, wimbo uko mbele, siyo nyuma.” Watu wakacheka, mimi nikageuka, na niliyemwona pale ndiye aliyenioa baada ya Pasaka.

Sasa mwaka huu televisheni ikatangaza mashindano ya kuimba yanayoitwa Sauti Mpya, tukaona tangazo kwa Mama Boke, jirani yetu mwenye duka na dishi, na mimi kwa mapenzi yangu nikajaza fomu kwa jina la mume wangu bila kumuuliza, nikaituma. Barua ya kumwita kwenye usaili Mwanza ilipofika aliisoma mara mbili, akasema, “Mke wangu, mimi naimbaga na watu.” Nikamwambia, “Na hao majaji siyo watu?” Akacheka, akaenda kuomba ruhusa kazini, na najua alikwenda kwa sababu yangu.

Mwanza waliingia ndani wenye namba tu, mimi nikabaki nje nimeshika koti lake la harusi, maana alisema linambana mabegani akivuta pumzi. Hakukaa sana. Akatoka, akachukua koti, akasema, “Tayari. Twende tukale.” Alipokwenda kuulizia basi, binti aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akanifuata.

“Dada, yule ni mume wako? Pole. Sauti anayo, lakini anaimba vipande. Anaimba, ananyamaza, anahesabu vidole, anaimba tena. Jaji akamuuliza, ‘Mbona unanyamaza?’ Akasema, ‘Nasubiri sauti ya kwanza.’ Jaji akauliza, ‘Iko wapi hiyo?’ Akasema, ‘Iko nje, imeshika koti langu.’ Walicheka mpaka mwenye kamera akatikisika.”

Hapo ndipo nilipoelewa, Shangazi. Masatu ameimba besi tangu ana miaka kumi na sita, hajawahi kuimba sauti inayobeba wimbo, na alipoambiwa aimbe aliimba kile anachokijua katika wimbo wetu wa kwaya, tena kwa usahihi, pamoja na pale ambapo besi inanyamaza ili sisi tuimbe. Mimi niliyesimama mbele yake miaka miwili sikuwahi kuwaza kwamba wimbo mzuri niliokuwa nausikia nusu yake ilikuwa inatoka kinywani mwangu.

Ningenyamaza huenda yangeishia pale. Lakini tuliporudi Mama Boke aliita kutoka dukani, “Bibi harusi! Vipi huko, mmetuletea nini?” nami nikaona aibu, nikasema, “Wamemwambia asubiri.” Kufikia jioni Mwisenge yote ilijua kwamba amepita. Mzee Mwikwabe akaitangazia kwaya nzima, wakapiga makofi, Masatu akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo anakuja mazoezini, anafungua mdomo, lakini nyuma yangu pale mahali pa besi pana shimo, na nyumbani haimbi hata akioga. Si kwamba amenibadilikia, bado ananiletea sato mzima badala ya vichwa vya sangara, bado ananifunika shuka. Hajanisimulia kilichotokea ndani, na mimi sijamwambia kwamba ninajua.

Wiki iliyopita ikaja barua nyingine, nikaichukua mimi posta. Wanasema kipande chake kimechaguliwa kuonyeshwa kipindi cha kwanza, hiyo Jumapili ya pili ya mwezi ujao, katika sehemu ya vichekesho vya usaili. Nimeificha ndani ya sanduku, katikati ya vitenge vya harusi. Na Mama Boke ameshakubali kupeleka televisheni kwenye ukumbi wa kanisa ili tumwone “staa wetu”, na mama mkwe anakuja kutoka Buswahili na kuku. Shangazi, nimchukue mume wangu siku hiyo twende Kabasa kwa wazazi wangu? Au nimwombe Mama Boke aseme dishi limeharibika? Sitaki mtu yeyote amcheke huyu mtu. Nampenda mpaka naogopa.

Ni mimi,
Sauti ya Kwanza, Mwisenge

SHANGAZI HYASINTA ANAJIBU

Mwanangu,

Nimeitanguliza barua yako mbele ya wenzako ili jibu likufikie mapema. Na sikucheka. Haya, nilicheka pale kwenye koti, halafu nikatafuta leso.

Una mume mzuri na hilo unalijua, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye makosa. Umejaza fomu ya mtu mzima kama vile unamwandikisha darasa la kwanza. Alikuambia kwa kinywa chake kwamba anaimba na watu, ukamjibu kwa utani. Majaji walipomkataa, ukampitisha wewe mwenyewe, dukani kwa Mama Boke. Sasa unataka kumsafirisha hadi Bunda ili asione picha yake mwenyewe. Huku si kumlinda, binti. Hii ni fomu nyingine unayomjazia.

Habari ya dishi iache kabisa. Mama Boke akizima, watu watahamia nyumba nyingine yenye televisheni, nanyi mtakuwa na uongo wa pili wa kulea.

Hebu soma tena ulichoandika. Watu walipompigia makofi, alikutazama, akanyamaza. Angeweza kusema, “Sikupita, mke wangu amekosea.” Hakusema. Amebeba uongo wako wiki zote hizi, mbele ya mwalimu wake na wenzake, na hajakudai hata maelezo. Wewe unadhani amenyamaza kwa aibu ya Mwanza. Inawezekana. Mimi naona mtu anayesubiri, vile vile alivyosubiri kule ndani, na wewe bado hujaanza.

Basi anza leo. Mwache ale kwanza. Toa barua kwenye vitenge, mpe mkononi, umwambie kwamba unajua alichoimba na alichojibu, kwamba uongo wa kupita ni wako, na kwamba ulikosea kumtuma peke yake. Usianze kwa kulia. Ukilia ataanza kukubembeleza, na mazungumzo yatageuka kuwa yako tena.

Kesho yake nenda kwa Mzee Mwikwabe na kwa Mama Boke, wewe mwenyewe, bila mume wako, useme ukweli kwa mdomo ule ule uliosema “asubiri”. Watakusema. Vumilia. Kwa mama mkwe usitume mtu, panda gari uende Buswahili kabla hajamfunga kuku miguu. Mama aliyezaa sauti kama hiyo hatamkana mwanawe kwa sababu ya kicheko cha televisheni.

Halafu muulize Masatu anataka nini Jumapili hiyo, na safari hii subiri jibu. Akisema hataki kuona, bakini nyumbani, mpike sato, na ukumbi utajijua. Usimshawishi.

Akisema atakwenda, mwombe Mzee Mwikwabe awapange ukumbini kama mnavyopangwa kanisani, ya kwanza, ya pili na ya tatu, mkiitazama televisheni. Wimbo huo si mnaujua? Ndiye aliyewafundisha. Majaji wale walisikia robo ya wimbo wakadhani wamesikia wote, na watazamaji wa nchi nzima watacheka kwa sababu hiyo hiyo. Mwisenge hamna sababu ya kucheka, maana hizo sauti nyingine tatu mnazo ninyi. Mume wako akitokea kwenye kioo, akaimba kipande chake, akanyamaza na kuanza kuhesabu vidole, usimwache afike mwisho wa hesabu. Ingia.

Na lile koti, siku hiyo mpe mtu mwingine ashike.