Maabara Mpya na Ubeti wa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimekinga ndoo tatu za maji ya bati, kama kawaida. Kipindi cha malaria kwenye stoo ileile tunayoiita maabara. Wanafunzi arobaini, hadubini moja, nayo kioo chake kina ukungu. Kila mmoja anachungulia, anasema "nimeona, Madamu," ili mwenzake apite. Waongo. Hawajaona kitu. Miaka kumi na moja nachora vimelea vya malaria ubaoni kwa chaki, nao wanaondoka chuoni hapa kwenda kutibu watu kwa picha yangu ya chaki.

Lakini basi. Jumapili ya tarehe kumi na sita tunahama. Maabara mpya iko ng'ambo ya uwanja, madirisha makubwa, bomba kila meza, hadubini ishirini kwenye maboksi. Rangi ya mlango nilichagua mimi, kahawia, isionyeshe vumbi. Mkuu wa chuo aliniambia tangu wanachimba msingi: "Pelagia, ufunguo wa hapa ni wako." Askofu ataubariki na kunikabidhi mbele ya watu wote. Kitenge kiko kwa fundi, mtaa wa Makanyagio.

Jumatano, 5 Machi
Generosa amepita jioni. Ni mwalimu wetu wa kwaya, karani wa chuo, na jirani yangu hapa Misunkumilo. Kasema nisihangaike na mazoezi ya wimbo wa uzinduzi. "Dada, wewe panga vyombo vyako. Wimbo utaushika siku ya mwisho, sauti ya pili siyo ngumu." Kwaya ile haisamehe mtu mazoezi, hata mwenye mimba ya miezi minane! Nimefurahi mpaka nimemfungia karanga.

Mchana nilifungua maboksi na Elia. Nilimfundisha mwenyewe, akaenda Mbeya kuchukua digrii, karudi mwezi uliopita "kusaidia". Kaomba daftari langu la mazoezi ya vitendo alichape kwenye kompyuta. Nimempa. Lina kila nilichojifunza kwa kukosea.

Jumamosi, 8 Machi
Kupanga slaidi, vile vioo vya kupakia damu, kutwa. Mgongo umekufa. Kabula, binti wa wafugaji wa Mwamkulu, kaja kuchungulia. Huyu alimzika mdogo wake kwa malaria ndipo akaja kusoma utabibu. Kajaribu hadubini mpya kwa unyoya wa kuku, kapiga kelele mpaka mlinzi akaja. "Madamu, hapa hata mjinga ataona!" Nimecheka. Ni kweli. Hata mjinga ataona.

Jumatatu, 10 Machi
Kitenge kimekaa vizuri. Mikono inabana kidogo.

Alhamisi, 13 Machi
Nilinunua sukari na majani ya chai niwapelekee wanakwaya, niwashukuru kwa kunipumzisha. Nimefika mlangoni mwa kanisa wakiwa katikati ya wimbo. Desturi yetu inajulikana: ubeti wa kwanza Mungu, wa pili Askofu, wa tatu wafadhili, wa nne yule anayekabidhiwa. Nikasimama nje, nikatabasamu kama mpumbavu, nisikie jina langu.

"Elia mwana wetu, pokea ufunguo."

Nikaingia. Sauti ya kwanza wakaniona, wakanyamaza. Sauti ya pili, wenzangu niliokaa nao benchi moja miaka yote, wakaangalia sakafu. Besi huimba wamefumba macho, kwa hiyo wao wakamaliza ubeti mpaka mwisho. Elia, mwana wetu. Jina halafu linaingia vizuri kwenye mapigo.

Watu thelathini. Wiki nzima wanaimba, na mimi nawasalimia njiani, wananijibu "Mungu ni mwema, Madamu"!

Generosa kanifuata nje. "Dada, mimi mtunzi tu. Jina nimeletewa." Nimemwambia arudishe karanga zangu. Maneno ya kitoto, najua. Ndiyo yaliyotoka.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeingia kwa Mkuu bila kubisha. Kasema wafadhili wanataka mwenye digrii, mimi nina stashahada. Alijua tangu Januari. Januari! Mwezi wa pili kaniuliza rangi ya mlango. Kasema walihofia nitaumia, wakaona waliombee kwanza jambo hili. Nimemjibu kwamba mtu huambiwa kabla ya kuombewa. Kaanza kupanga karatasi.

Elia nilimkuta koridoni. "Shikamoo Mwalimu." Kaniamkia kwa heshima zote, macho chini, daftari langu kwapani. Sikuitikia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hii niliifua na kuipiga pasi mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda. Nimevaa kitenge. Wangetaka nisiende.

Nimekaa benchi la nyuma na akina mama wa jikoni. Askofu kanyunyiza maji, utepe umekatwa, ubeti wa nne umeimbwa. Generosa kaimbisha ameinamia karatasi, yeye ambaye hashiki karatasi hata siku ya Pasaka. Mkuu kashukuru "walimu wote waliojitoa". Wote. Nimepiga makofi mara tatu, nimehesabu.

Pilau sikula.

Jumanne, 18 Machi
Kipindi cha kwanza cha malaria kwenye maabara mpya. Cha Elia. Mimi nimepewa nadharia, darasa la mwisho karibu na choo.

Saa saba Kabula kaja amenuna. Hawajaona kitu. Hadubini ishirini, slaidi nzuri, rangi ya kuonyeshea vimelea imepakwa kwa dakika zilezile za daftari, na kila kitu kimetoka buluu tupu, kimelea hakionekani. Wamerudia mara tatu. Elia anatoka jasho, anapekua daftari langu mbele nyuma. Wanafunzi wameanza kusema kwenye stoo ilikuwa afadhali.

Nilijua palepale. Maji. Rangi ile haitaki maji ya bomba letu, yanatoka kisimani, yana chumvi, yanaiharibu. Mashine ya kusafisha maji bado iko kwenye boksi inasubiri fundi. Na kwenye daftari sikuandika habari ya maji. Nani huandika kwamba maji ni ya mvua? Stoo haikuwa na bomba. Tulikinga, basi.

Nimemwambia Kabula aulize mwenye ufunguo.

Jumatano, 19 Machi
Wamekosa tena. Nimefurahi, naandika hapa kwa kuwa hapasomi mtu: nimefurahi sana. Acha wajue. Digrii na isomeke kwenye slaidi.

Furaha imedumu mpaka saa tisa. Kabula kaja tena, hajanuna safari hii, kauliza taratibu: "Madamu, au nitamaliza chuo bila kukiona kimelea?" Baada ya wiki mbili wanapelekwa zahanati, yeye kapangiwa Mpimbwe. Huko atakuwa peke yake na mtoto wa mtu mwenye homa.

Nimerudi nyumbani, nimepika ugali, nimeuacha.

Sijasamehe. Mtu asije akanisemea kanisani kwamba nimesamehe.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ndogo usiku kucha. Asubuhi ndoo zilikuwa zimejaa.

Nimeichuja moja kwa kitambaa cheupe, mara mbili. Nimefunika. Nimevuka uwanja nayo kichwani, kandambili zikiteleza kwenye matope. Generosa kanipa salamu kutoka dirisha la ofisi. Nimeitikia salamu tu.

Elia kaniona, kasimama. Nikamwambia: "Rangi ichanganye na haya. Ya bomba ni ya kunawia." Nikamwambia aandike kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, kwa wino. Kaandika. Alitaka kusema jambo jingine, nikamwonyesha saa.

Nikakaa kiti cha nyuma. Rangi ikakauka. Kabula akainama kwenye hadubini, akazungusha. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. "Kadogo hivi, Madamu, ndiko kalikomchukua mdogo wangu."

Wote arobaini wameona. Hakuna aliyedanganya leo.

Ndoo nimewaachia. Kesho nitapeleka nyingine kama mvua itanyesha. Jambo moja tu bado linanikaa kooni. Asubuhi, nilipofika na maji kichwani, mlango ule wa kahawia ulikuwa umefungwa. Nikasimama pale, nikapiga hodi.