Nani Atamtazama Mzee Akimeza?

Ha Mokoto,
Mokhotlong,
Lesotho.
14 Juni, 2019.

Mpendwa ndugu yangu Moeketsi,

Salamu nyingi kutoka milimani. Hali yako huko mgodini ikoje? Sisi tunapumua, ingawa theluji imetuwahi mwaka huu. Mwanao Lineo ameota meno, na Jumapili alimng'ata mchungaji akibarikiwa.

Mimi kazi imenibana. Wizara inatathmini mpango wa taifa wa kifua kikuu, nami nimeingizwa kwenye msafara kwa kuwa ni muuguzi wa huku. Taarifa zetu zinapendeza: kila mgonjwa ana mtu wa nyumbani anayemtazama akimeza dawa. Mbona basi wazee wetu wanaugua tena? Nilisema sishuki mjini kabla sijajua.

Tukafika kwenu. Mjomba Sekhobe, baba yako, alikuwa amejifunika blanketi hadi puani, anakohoa, na bado anatuhimiza tunywe uji mchachu. Kiongozi wetu, Daktari Phafoli, akamwuliza mkeo, 'Malineo, kuhusu dawa.

"Namwekea, na maji pia," akajibu, macho chini.

"Sikuulizi maji, mama. Unamwona akimeza?"

"Yule ni baba mkwe wangu, daktari. Kwani mama yako alikuwa anamkodolea babu yako mdomoni?"

Nikaona aibu. Sote tumelelewa katika nyumba hizi. Tunajua mkwe huweka sahani, akageuka, akatoka, kwani ni mwiko kumtazama baba mkwe mdomoni. Na bado kila mahali tulimpa mkwe kazi hiyo, kwa sababu nyinyi wana mko migodini. Vidonge tulivikuta chini ya godoro.

"Vinanichafua tumbo," Mjomba akasema, bila haya. "Nimwambie nani? Mkwe?"

Usimkasirikie mkeo, tafadhali. Alifanya kama alivyofunzwa. Mimi nimewakasirikia waliopanga, nami nikiwemo, na nimewaambia wakubwa waziwazi kwamba kila nyumba iulizwe kwanza nani anaweza kumtazama nani. Wamekubali kwa kichwa. Nitawaandama mpaka wakubali kwa vitendo.

Kwa Mjomba sikungoja wakubwa. Makohozi yake yamepimwa upya, amepewa dawa, na mama yangu amehamia kwenu. Unamjua shangazi yako.

"Fungua mdomo, Sekhobe," alimwambia. "Mimi nilikufuta kamasi kabla hujajua kutembea."

Mjomba alikishika kidonge, akanigeukia. "Limpho, yule mwanangu alikohoa kwenye simu siku ya Pasaka. Akaniambia ni vumbi. Mimi pia nilikuwa nasema vumbi. Mwandikie akapimwe. Cha leo nameza kwa mkopo, naye atalipa kwa kupimwa."

Akameza, mama akakagua hadi chini ya ulimi.

Moeketsi, niliogopa aliposema hivyo, maana nami nilikusikia ukikohoa kwenye simu ile. Nenda kliniki ya mgodi wiki hii, uteme kwenye kikombe chao, unipigie simu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mdomo mzee, akidhani barua ilishakufikia, anauliza kama umejibu, na mama ameanza kuishiwa maneno ya kumbembeleza ameze.

Wasalimie Tholang na wenzako wa chumbani. Mkeo anakusalimu sana, mama pia, na Lineo kwa meno yake yote mawili. Mungu akulinde ukishuka, akupandishe salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nisiyetaka tena kusikia habari za vumbi,

Limpho