Ncha Ulizonikataza Kukata

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini kuanza bila shikamoo siwezi, hukunilea hivyo.

Unakikumbuka kile kinyago nilichokiharibu Bunju, nikiwa darasa la tano? Ulikuwa unachonga mama mwenye mtungi kichwani, na chini yake uliacha kigogo cha mpingo kichafu, bado kina gome. Ulipokwenda kuoga nikachukua msumeno nikakikata, nikidhani nakusaidia. Uliporudi ukajaribu kumbana yule mama kwa nyayo zako kama kawaida, akawa anateleza tu. Patasi ikakuchana kidole. Hukunichapa. Ulisema, "We mwanangu we, hapo ndo naposhikia, usikate tena. Hakina sura, ila bila hicho mie sichongi kitu."

Nimeyakumbuka leo maabarani nikatoka nje kulia.

Tangu homa ya dengi ikuchukue natengeneza nakala dhaifu ya kirusi chake, isiyoweza kumwambukiza mtu, ijinakili ndani ya seli tu ili tuijaribie dawa. Kirusi chenyewe ni uzi mmoja wa RNA. Sehemu yake kubwa ni maelekezo ya kutengeneza protini, ila ncha zake mbili hazitengenezi protini yoyote. Darasani nilifundishwa kuwa zina kazi. Lakini uzi wangu ulikuwa mrefu, unanisumbua, nikaona nikipunguza ncha ya mwisho haitadhuru. Miezi minane seli zimekaa kimya, hakuna hata nakala moja iliyotokea. Nimebadilisha joto, chakula cha seli, hadi glovu, kila kitu isipokuwa ncha ile. Kumbe ncha hizo lazima zishikane ndipo kimeng'enya kinachonakili uzi kipate pa kuanzia. Nilikata pa kushikia, baba. Kwa mara ya pili.

Nikamkimbilia mkuu wetu wa maabara, nikamweleza kosa langu, nikamwomba miezi miwili tu nirudishe nilichokata. "Pole sana, mdogo wangu," akasema. "Ishu imeshaamuliwa. Ijumaa tunaufunga mradi wako." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. Sasa nikija kaburini nitakwambia nini? Niliapa pale, mbele ya ndugu zako wote, kwamba kirusi hiki nitakibana.

Na lile jingine sijajisamehe. Ulinipigia simu ukasema, "Mafua tu haya, we endelea na kazi zako." Nikakuamini, mimi ninayekijua kirusi hicho herufi kwa herufi. Nilikuja siku ya tatu, ukanitazama kama mgeni. Natamani ungenigombeza hata mara moja.

Jana kaka alikuja na msumeno. Anataka kukata kigogo cha chini cha kinyago chako cha mwisho, kile cha uso uliouchonga nusu, kikae vizuri sebuleni kwake Kawe. Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Ameondoka amenuna, anasema nimechanganyikiwa. Labda kweli.

Sasa nimekaa kwenye kigoda chako uani, nimekibana kinyago kwa nyayo zangu, patasi yako iko mkononi. Sijui kuchonga, na wewe huji kunionyesha. Ijumaa inakuja na uso huu hautaisha. Lakini kigogo kipo, baba. Nimekishika, na hakitelezi.

Lala salama, na unisamehe.

Ni mimi, binti yako wa msumeno.