Mzee wa Benki na Visima Vitatu

Jumamosi, 3 Mei 2008
Nimefungua ofisi saa moja na nusu. Kiyoyozi, iliki kwenye birika, kisha faili. Wachina wamefika hapa Nizwa saa nne. Watatu wa kampuni inayotaka kutununua. Wa nne, mzee mwenye koti la kijivu, ni wa benki ya serikali yao, maana fedha za kununulia ni mkopo wa benki hiyo. Haongei. Anakopesha watu wanunue kampuni nzima ya mafuta na hana hata swali moja? Simwamini.

Mudiri, mkuu wetu, amewasomea ripoti. Nzuri mno. Nikimimina kahawa nimemwambia Nasor, mpima visima, kwa Kiswahili, mbele yao: vile vitatu vya kusini siku hizi vinatoa maji tu, wanunue wakafugie samaki. Tumecheka. Mudiri ni Mwarabu wa hapa hapa, hakukulia Afrika kama sisi wawili, Kiswahili hajui neno. Ndiyo raha yake.

Jumapili, 4 Mei
Nasor kawapeleka wageni Bahla, kwa wafinyanzi, kununua mitungi. Mzee wa benki alikaa mbele, ubavuni pake. Nasor karudi na boksi la chai ya Kichina na tabasamu. Sijapenda.

Jumanne, 6 Mei
Balaa. Benki haitoi mkopo mpaka visima vipimwe upya. Visima vipi? Vile vitatu vya kusini. Tunaojua ni mudiri, mimi na Nasor. Mauzo yakivunjika ofisi inafungwa, nami ni mjane, binti yangu yuko chuoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeingia kwa mudiri, nimefunga mlango, nimemtaja Nasor. Na boksi la chai nimelitaja.

Adhuhuri kasimamishwa kazi. Kanambia, "Da Zuwena, wallahi sijasema kitu. Wewe unanijua." Nikarudi kwenye faili zangu. Nilijiona nimetenda haki.

Jumatano, 7 Mei
Wageni wameondoka. Mzee wa benki kanywa kahawa, akatikisa kikombe kama mtu wa hapa aliyetosheka, akanirudishia.

"Ahsante, mama. Wale samaki wa jangwani sitawasahau."

Kiswahili. Cha bara, safi. Zamani alikuwa mkalimani wa Wachina waliojenga reli, kakaa Makambako miaka minne. Kanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia, kisha kaingia garini.

Ijumaa, 9 Mei
Naona haya. Nikinyamaza, Nasor ndiye msaliti na mimi nabaki na mshahara. Nikisema, ada ya mtoto nani atalipa? Nimejaribu kujidanganya kuwa ile chai ina jambo. Haina. Ni chai. Mdomo huponza kichwa, ila wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemwambia mudiri yote. Hakunipandishia sauti. Kaniuliza tu ni mangapi mengine tumeyasema mbele yake yeye mwenyewe miaka yote hii. Nina kazi mpaka mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 12 Mei
Nasor karudi. Joto kali, simu chache. Nilimwekea kahawa, haikunywewa. Kapita mezani kwangu akaniamkia kwa Kiarabu, si kwa Kiswahili chetu, kwa adabu zote, akachukua ufunguo wa gari akaenda visimani.