Mshale wa Joto, Barabara ya Ainabkoi

Jumanne, 8 Aprili 2025

Baridi ya Ainabkoi leo — ya kukata masikio. Nimemtoa baba mkwe, Mzee Kipkemboi, shambani kwake asubuhi, nikampeleka mjini kliniki kusafishwa damu kwa mashine, nikamrudisha. Blanketi mbili, na bado alitetemeka. Mzee hasemi akiumia, lakini meno yaligongana.

Hita niliifungua mpaka mwisho. Ikatoa hewa ya friji. Na mshale wa joto la injini, pale kwenye dashibodi, ulilala chini safari nzima, hata tukipanda mlima. Mwingine angefurahi kwamba gari halichemki. Mimi sikufurahi. Injini isiyopata joto ina shida.

Mume wangu Kipyego amepiga simu kutoka kazini Mombasa. Anataka tumlipe Kipchumba, jirani wa baba yake, awe anampeleka na gari lake. Nimemwambia shule zimefungwa, niko na likizo, baba yako ataenda na mimi. Akacheka — haya basi, mwalimu wa fizikia.

Jumatano, 9 Aprili

Nilijua. Nimefungua pale paipu ya juu inaposhikana na injini — tupu. Thermostati hakuna! Ule ndio mlango wa maji: injini ikiwa baridi unafungwa, ikipata joto unafunguka. Sasa mlango umeng'olewa, maji yanapita tu. Hita itapasha nini?

Nimempigia Kuria, fundi wetu wa magari pale Huruma. Hakukana. Gari lilikuwa linachemka mwaka jana, akaitoa, likapoa. "Madam, wewe ndio wa kwanza kunilalamikia gari ni baridi."

Nikanunua mpya kwa Shiko, pale dukani kwake kwa spea za magari. Kabla ya kuifunga nikaitumbukiza kwa sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafunguka taratibu. Nilisimama jikoni natabasamu peke yangu.

Imeingia. Gasket mpya ya kuzuia kuvuja, kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, badala ya maji ya mfereji, hewa nimeitoa yote. Kazi safi, hata kama najisifu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tukiteremka mjini hita ilifanya kazi. Mzee akavua blanketi, kisha koti. Akalala usingizi mpaka kliniki.

Kurudi ndio kulikuwa na maneno. Ule mlima wa mwisho, mshale ukapita nusu, ukaendelea kupanda. Nikapunguza mwendo, nikafungua hita yote — hita pia hunyang'anya injini joto — na madirisha yote wazi. Mzee jasho linamtiririka.

"Juzi ulinigandisha," akasema. "Leo unanichemsha."

Utani! Kutoka kwake, kwangu. Huyu hakutaka mwanawe aoe Mkikuyu, na hakuwahi kulificha. Miaka yote ni salamu na chai, basi. Nilicheka mpaka karibu nikose barabara.

Tulipofika nikagusa. Paipu ya juu moto sana — kwa hivyo thermostati inafunguka vizuri. Lakini radieta yenyewe, katikati, baridi. Maji hayapiti. Imeziba. Kuria hakutibu ugonjwa, alificha tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeosha radieta na mpira wa maji, kutoka chini kwenda juu. Yametoka maji ya rangi ya chai, halafu kutu, vipande vipande. Nimeendelea mpaka yakawa meupe.

Kipyego amesikia habari ya mlima. Anasema gari lilikuwa linatembea vizuri, nikaligusa. Hiyo imeniuma. Kwamba Kipchumba ataanza Jumanne, yeye ameshaamua. Nikasema mzee aulizwe. Akasema mzee ni mgonjwa.

"Zinazougua ni figo," nikamwambia. "Si kichwa."

Kisha akakubali niende mara moja tena.

Jumapili, 13 Aprili

Baada ya kanisa nimelizungusha gari Kiplombe, kupanda na kushuka. Mshale nusu, umetulia tuli. Tone la maji chini ya gari — nadhani ni ya kuoshea.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika kando ya barabara, daftari kwenye usukani, boneti wazi. Bado hatujafika mjini; mshale ulipanda tena, nikasimama.

Hayakuwa maji ya kuoshea. Radieta inavuja upande wa chini. Ile kutu ilikuwa imeziba tundu, nami nikaiosha ikatoka. Ninajua ni nini na ninajua dawa yake, lakini dawa haiko hapa. Hapa kuna maji ya kunywa, chupa mbili, na kifuniko cha radieta ambacho siwezi kufungua kikiwa moto — kitanichoma uso.

Kwa hivyo nimempigia Kipchumba mwenyewe. Kliniki haingoji, na kiburi changu hakisafishi damu ya mtu. Amekuja haraka, kijana mzuri, hata hakunicheka. Amemfungulia mzee mlango.

Mzee hajashuka. Ameangalia mvuke unaotoka kwa injini, akaniangalia.

"Ukiongeza maji itafika?"

Nimemwambia ukweli. Kuteremka, mwendo wa pole — nafikiri itafika. Lakini sina hakika, na kwa Kipchumba kuna hakika. "Baba, enda naye tu."

Amefikiria. Halafu amemwambia Kipchumba, "Wewe kaa nyuma yetu. Tukisimama tena nitaingia kwako."

Kipchumba amerudi kwa gari lake. Mzee ameomba chupa za maji, ameziweka magotini. Simu yake inalia — ni Kipyego, jina naliona. Haishiki.

Nimepeleka mkono karibu na kifuniko. Bado moto. Nimemwambia tungoje kidogo.

Amefunga mkanda.