Komeo la Ghala la Mama

Evelina, sijui nicheke au nilie. Baba Oliva kajifungia ghalani na mama yangu! Mtu na mkwewe!

Unalijua lile komeo la nje, la kushuka, lililokula kutu mpaka uligonge nyundo? Leo kalipiga msasa hadi likang'aa, akasaga kile kijiti cheusi cha ndani ya betri, akalipaka unga wake liteleze. Akajisifu, "Sasa hata upepo utalifunga."

Upepo ukamsikia. Kaingia kurudisha nyundo, kumbe mama yuko nyuma ya magunia ya korosho. Mlango pwaa! Komeo likashuka lenyewe.

Mtu na mkwewe, Evelina! Kupiga kelele hawezi, kijiji kizima cha Chiungutwa kingejaa pale uani. Akaniandikia kwa simu, "Mama Oliva, njoo ufungue. Usije na mtu."

Nimetoka shambani mbio, kanga mkononi. Nafika mlangoni namsikia mama. Kumsemesha mkwe ni mwiko, basi anasemesha gunia! "Gunia, mwulize huyo, fundi gani anajitega mwenyewe?" Nafungua, nimelinyanyua komeo kwa kidole kimoja tu, namkuta Baba Oliva kampa mama mgongo, paji la uso kaligandisha ukutani, shati limelowa jasho.

Katoka kichwa chini, akidhani yamekwisha.

Mama akaliinamia tena gunia, sauti ikafika barabarani: "Gunia, mwambie mkwe wangu kazi yake nzuri. Kesho aje atengeneze na komeo la chooni."